Gereza, Husuni na Jumba: Majina ya Majengo ya Kale ya Pwani na Simulizi Anazopewa Mtalii

Utangulizi

Mgeni anayezuru pwani ya Afrika Mashariki ili kujionea mambo ya kale huonyeshwa majengo ya namna tatu: majumba ya watawala, ngome na nyumba za ibada. Vitabu vya kuongozea watalii huyapanga hivyo, na waongozaji nao hufuata mpango huo huo. Ni mpango mwepesi kuukumbuka, lakini haukuchimbuka katika lugha ya wenyeji. Katika Kiswahili mipaka ya aina hizo tatu imeingiliana tangu zamani. Lipo jumba la mfalme linaloitwa ngome, ipo ngome iliyopewa jina la kanisa, na lipo kanisa ambalo wenyeji hulitambua kwa jina la mti.

Mhadhara huu unachunguza majina hayo katika vituo vitatu, yaani Mombasa, Kilwa na Unguja. Hoja yake kuu ni kwamba jina la jengo ni ushahidi wa kihistoria, sawa na jiwe, kigae au sarafu, na kwamba mtalii anayesimuliwa habari za jengo bila kufunguliwa jina lake huondoka na picha ya kuta zisizokuwa na watu. Jambo hili si dogo. Kwa wageni wengi, na hata kwa wanafunzi wengi wa shule za hapa hapa pwani, saa moja wanayoipitisha ndani ya ngome au jumba ndiyo somo pekee la historia ya mahali hapo watakalolipata maishani.

Neno gereza na safari yake

Mahali pazuri pa kuanzia ni neno gereza. Katika Kiswahili cha leo maana yake ni mahali wanapofungwa wahalifu, na kutokana na neno hilo idara za serikali zinazosimamia wafungwa, Kenya na Tanzania, zimeitwa Magereza. Hata hivyo, wataalamu wa isimu wamelinasibisha kwa muda mrefu na neno la Kireno igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Mabadiliko ya kifonolojia yanaeleweka bila taabu. Irabu ya mwanzo imedondoshwa. Mfuatano wa konsonanti /gr/ umevunjwa kwa kuchopeka irabu /e/, kama Kiswahili kifanyavyo katika maneno mengi ya mkopo. Sauti ya Kireno inayoandikwa kwa herufi j, ambayo haimo katika mfumo wa sauti za Kiswahili, imechukuliwa na /z/. Baada ya hapo neno likaingia katika ngeli ya LI-YA, likapata wingi wake magereza, na likakaa pamoja na wenzake waliotoka Ureno kama vile meza, bendera, leso na mvinyo.

Mabadiliko ya maana ndiyo yanayohitaji maelezo ya kihistoria. Wareno walipojenga ngome, walijenga na kanisa ndani yake. Mwenyeji aliyesimama nje aliona ukuta mmoja, lango moja na mizinga, akasikia wenye mahali wakipataja kwa jina la nyumba yao ya ibada. Hivyo jina la sehemu likawa jina la mahali pote. Wareno walipoondoka, kuta zilibaki, zikatumiwa na watawala wengine kuweka askari na kufungia watu. Jina nalo likahama tena, likatoka kwenye kuta na kuwaendea waliofungiwa ndani ya kuta. Kanisa likawa ngome, na ngome ikawa kifungo, bila neno lenyewe kubadilika.

Mombasa: ngome iliyokuwa vyote vitatu

Safari hiyo ya maana inaonekana kwa macho katika Ngome ya Yesu huko Mombasa, ambayo wenyeji huiita Ngomeni. Ujenzi wake ulianza mwaka 1593 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, aliyekuwa pia mfalme wa Ureno wakati huo, na mchoro wake ulitolewa na msanifu wa Kiitalia, Giovanni Battista Cairati. Ndani ya kuta zake kulikuwa na kanisa, nyumba ya kapteni na makazi ya askari. Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno yanayomtukuza kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika madaraka mwaka 1635. Mtalii huonyeshwa maandishi hayo kama pambo la lango, ilhali ni tangazo la ushindi lililoandikwa baada ya msukosuko mkubwa.

Msukosuko wenyewe ulitokea mwaka 1631. Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani wa Mombasa, alipelekwa Goa angali mdogo baada ya baba yake kuuawa. Huko alilelewa na watawa, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alirudishwa Mombasa kuwa sultani chini ya ulinzi wa Wareno. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni, akaushika mji na kurudia jina lake na dini ya wazee wake. Mwaka uliofuata aliiacha ngome, na Wareno wakarudi. Mtu mmoja mwenye majina mawili alikuwa ndani ya jengo moja lililokuwa kanisa na ngome kwa pamoja. Ni vigumu kupata tukio linaloeleza vizuri zaidi kwa nini lugha ya pwani haikuona haja ya kuvitenga vitu hivyo viwili.

Ngome ilitwaliwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Wareno waliirudia kwa muda mfupi mwaka 1728, wakatolewa mwaka uliofuata. Baadaye ukoo wa Mazrui uliitawala Mombasa na kukaa humo humo, hata leo ukumbi mmoja wa ngome unaitwa Ukumbi wa Mazrui. Kwa wakati huo, basi, ngome ilikuwa pia jumba la mtawala. Sayyid Said wa Unguja aliutwaa mji mwaka 1837. Kuanzia 1895 hadi 1958 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliitumia ngome kuwa jela, kisha ikafanyiwa ukarabati na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwongozaji anayetaja miaka hiyo yote kwa mpangilio mzuri amefanya kazi yake. Lakini akiongeza sentensi moja tu, kwamba neno gereza lilizaliwa katika kuta za namna hii na likazifuata kuta hizo hadi siku ya mfungwa wa mwisho, atakuwa amempa mgeni karne tatu na nusu katika silabi tatu.

Kilwa: husuni isiyo ngome, gereza lisilo jela

Kilwa Kisiwani panaonyesha hatari ya kutafsiri majina bila kuyachunguza. Jengo la kwanza linalomkabili msafiri anayeshuka chomboni ni Gereza. Wageni wengi wakilisikia jina hilo huelezwa kuwa hapo ndipo walipofungwa watu, na wao hupiga picha ya lango wakiwazia minyororo. Historia ya jengo ni nyingine. Mwaka 1505 kikosi cha Wareno kilichoongozwa na Francisco de Almeida kiliushambulia mji na kujenga ngome ufukweni. Wareno waliihama ngome hiyo mwaka 1512. Jengo linaloonekana leo ni la Waomani, la yapata mwaka 1800, nalo limemeza mabaki ya ngome ya kwanza. Jina Gereza, kwa hiyo, lina umri na maana inayozidi umri wa kuta nyingi zinazolibeba. Hapo linasema ngome, na nyuma ya ngome linakumbusha kanisa.

Mwendo mfupi kutoka hapo, juu ya genge linalotazama bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa. Neno husuni limetokana na Kiarabu, na maana yake ni ngome. Lakini hapakuwa ngome. Uchimbuaji ulioongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1950 na 1960 ulifichua jumba la kifalme la karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia moja, nyua za kupokelea wageni, maghala ya biashara na birika la kuogea lenye pembe nane. Maandishi yaliyopatikana humo yanamtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Huyo ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, naye alimsifu kwa ukarimu kiasi cha kutaja lakabu yake, Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa.

Jumba hilo halikukamilika, na halikukaliwa kwa muda mrefu. Vizazi vilivyokuja baadaye vilikuta kuta nene zilizotelekezwa juu ya genge, na vikaziita kwa jina linaloendana na unene wake. Jina Husuni Kubwa, basi, halitoki kwa sultani aliyejenga. Limetoka kwa watu waliolitazama jumba baada ya ufalme kuondoka. Hali kadhalika jumba la baadaye la masultani wa Kilwa linaitwa Makutani, jina linalotokana na ukuta: ni mahali penye makuta. Wenyeji wa Kilwa walihifadhi katika majina haya jinsi magofu yalivyoonekana kwao, na kumbukumbu hiyo ni sehemu ya historia ya kisiwa sawa na ujenzi wenyewe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na zikatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kuta ziliokolewa kwa chokaa na mawe. Majina huokolewa kwa kuelezwa.

Unguja: beit, jumba na watu waliomo

Katika Mji Mkongwe wa Unguja majumba ya watawala yana majina ya Kiarabu yanayoanza kwa neno beit, yaani nyumba: Beit al-Sahel, nyumba ya pwani, Beit al-Hukm, nyumba ya hukumu, na Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliyapiga mabomu majumba hayo kwa muda usiozidi saa moja. Beit al-Hukm iliteketea isijengwe tena. Beit al-Sahel ilijengwa upya. Baada ya Mapinduzi ya 1964 iliitwa Jumba la Wananchi, na tangu 1994 ni makumbusho. Kubadilika huko kwa jina, kutoka beit ya sultani hadi jumba la wananchi, kunaeleza mapinduzi kwa ufupi usiopatikana katika maelezo marefu ya ukutani.

Hata hivyo, kilichopotea zaidi katika simulizi za majumba haya ni majina ya watu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, alieleza nyumba yenye mamia ya watu wa daraja mbalimbali. Mama yake mwenyewe alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Kiswahili kina msamiati mpana kwa watu hao: mtwana ni mtumwa mwanamume, mjakazi ni mtumwa mwanamke, mzalia ni aliyezaliwa utumwani nyumbani kwa bwana, na suria ni mwanamke aliyewekwa na bwana, ambaye mtoto wake huzaliwa huru. Kila neno lilibeba haki, kazi na tumaini tofauti. Mtalii anayesimuliwa kwa lugha ya kigeni hupewa neno moja tu kwa wote, na tofauti zilizotawala maisha ya watu hao kila siku hufutika mbele yake.

Pwani ya Kenya, karibu na Mtwapa, kuna magofu ya mji wa karne ya 14 na 15 yanayoitwa Jumba la Mtwana. Jina la kwanza la mji huo halijulikani. Jina lililobaki linaunganisha neno la ukubwa na neno la unyonge, na mgeni anayepita hapo bila kuelezwa neno mtwana amepitwa na kitu kizito kuliko mihirabu yote ya mawe ya matumbawe.

Mkunazini: kanisa, soko na haja ya ukweli

Kituo cha mwisho ni kanisa. Kanisa Kuu la Kianglikana la Unguja lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Lilisimamishwa mahali palipokuwa soko, kwa usimamizi wa Askofu Edward Steere. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, Steere ni mtu wa pekee. Kitabu chake cha sarufi na msamiati kilitoka mwaka 1870, na kazi zake juu ya Kiunguja zilikuwa miongoni mwa misingi iliyotumika baadaye katika usanifishaji wa lugha. Alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Hivyo kanisa hili ni sehemu ya historia ya taaluma ya Kiswahili pia, jambo ambalo watalii ni nadra kulisikia.

Wenyeji hupaita hapo Mkunazini, kwa ajili ya mti wa mkunazi. Jina hilo halitaji soko wala kanisa. Linataja kivuli.

Karibu na kanisa wageni huteremshwa katika vyumba viwili vya chini, vyenye dari fupi na matundu membamba ya hewa, wakaelezwa kuwa ndimo watumwa walimofungiwa kabla ya kuuzwa. Wengi hutoka wakilia. Lakini wanahistoria kadhaa wamehoji maelezo hayo, kwa kuwa jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni kwa ajili ya hospitali baada ya soko kufungwa. Hoja yao haipunguzi hata chembe ya uovu wa biashara iliyofanyika mahali pale. Soko lilikuwapo, watu waliuzwa, na utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja hadi 1897. Hatari iko kwingine. Anayejengewa huzuni yake juu ya chumba chenye shaka anaweza, siku atakapoisikia shaka hiyo, kulitilia shaka soko zima. Ukweli wa Mkunazini unajitosheleza. Hauhitaji chumba cha kukopa, na waliouzwa pale wanastahili ushahidi usioweza kukanushwa.

Lugha ya mwongozaji

Ni haki kukiri kwamba kazi ya mwongozaji ni ngumu. Ana muda mchache, mgeni aliyechoka na jua, na ushindani wa wale vijana wa Mji Mkongwe wanaoitwa papasi, jina la mdudu anayeng'ang'ania ngozi na kunyonya damu. Simulizi ya kusisimua hulipa haraka kuliko simulizi ya kweli. Aidha, mafunzo mengi ya utalii hutolewa kwa Kiingereza, na kijana wa Kilwa au Unguja hujifunza kuieleza nyumba ya babu zake kwa istilahi zilizotungwa kwa ajili ya majumba ya Ulaya.

Hapa idara za Kiswahili zina wajibu ambao haujatimizwa ipasavyo. Maarifa ya etimolojia, majina ya mahali na msamiati wa kijamii yamelimbikizwa katika kamusi na tasnifu. Yakiandaliwa katika vijitabu vifupi vya Kiswahili kwa ajili ya waongozaji na walimu wa shule, yatafika mahali yanapohitajika. Mwanafunzi wa shule ya msingi anayeingia Ngomeni na kuelezwa safari ya neno gereza atakuwa ameelewa kwamba historia ya mahali hapo imo kinywani mwake tayari.

Hitimisho

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib pamoja na mnara wake wa saa iliporomoka wakati wa ukarabati, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Jengo lililopona mizinga ya 1896 lilianguka mikononi mwa watu waliokuwa wakilitengeneza. Tukio hilo liliwakumbusha wote wanaoshughulika na urithi kwamba mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko vina mwisho wake.

Majina yana uhai wa namna nyingine. Neno gereza limeuhifadhi uhusiano wa kanisa na ngome kwa muda mrefu kuliko kuta za kanisa lenyewe zilivyosimama, na husuni imeeleza mshangao wa watu wa Kilwa mbele ya jumba lililoachwa. Lakini jina nalo hufa, tena bila kishindo, pale wenye lugha wanapolitamka bila kujua linasema nini. Ukarabati wa majengo una mafundi wake na wafadhili wake. Ukarabati wa majina unawahitaji wanaosoma Kiswahili, na pa kuanzia ni langoni, mgeni anapouliza mahali hapa panaitwaje.